Rangi Nilizoambiwa

Jumanne, 4 Februari

Kwa Dada yangu mkubwa, mwenye mikono ya buluu,

Salamu. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka peke yake bila kunishauri. Natumai nawe u mzima, na mvuke wa mapipa yenu huko kiwandani haujakumaliza. Najua una simu, lakini kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua huna ujanja, lazima unisikilize mpaka mwisho.

Kaa chini. Umekaa? Nimemaliza kitabu. Si mashairi safari hii. Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto wa watu lugha, na miaka hiyo yote nimeandika mashairi ambayo watu wanayasifu bila kuyasoma. Sasa nimeandika nadharia: nadharia ya rangi, na jinsi macho ya binadamu yanavyoona. Usicheke, nakusikia kutoka huku.

Wazee walisema macho hayana pazia. Mimi nasema yanalo, tena zito, na ndilo tunalolitazama badala ya dunia. Rangi haikai kwenye kitu, Dada. Inazaliwa pale mwanga, kivuli na jicho vinapokutana. Ushahidi ninao. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, washa mshumaa karibu na dirisha, kisha simamisha penseli juu ya karatasi nyeupe. Utaona vivuli viwili, na kimoja ni cha buluu kabisa! Nani kakitia buluu? Hakuna. Mhariri wangu hakuamini, akajaribu mwenyewe kwake, akanipigia simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi kunitukana kwa furaha.

Jaribio la pili: tazama kitambaa cha buluu mpaka uhesabu hamsini, halafu geukia ukuta mweupe. Utaona manjano. Jicho lina njaa. Ukilinyima kitu litajipikia. Lakini nyekundu, Dada! Nimeitazama mpaka machozi yakanitoka, na ukutani nikapata kiwingu cha buluu iliyofifia. Nikatazama kijani, nikapata kiwingu kile kile. Nimeumiza kichwa miezi saba kutafuta kwa nini, na jibu ndilo sura ya kumi na moja, uti wa mgongo wa kitabu kizima: nyekundu na kijani ni rangi moja yenye majina mawili. Hatuzitofautishi, tunaambiwa. Nyanya ni nyekundu na jani ni kijani kwa sababu kuna mtu alituambia tukiwa wadogo, kama ulivyoniambia wewe, na wewe nadhani uliambiwa na Mama. Tukashika, tukasahau kwamba tuliambiwa. Ndiyo maana hata lugha inaazimaazima: kijani ni jani tu, kahawia ni kahawa, na hiyo damu ya mzee, nani alimpima huyo mzee?

Nina ombi. Nitumie vipande viwili vya kitambaa, kimoja chekundu na kimoja cha kijani, kazi ya mikono yako mwenyewe, nimwekee Mhariri mezani. Anasema sura hiyo bado haijamwingia. Akiviona itamwingia.

Nakupenda, hata kama hupendi niandike hivyo.

Mdogo wako,
Kitinda


Alhamisi, 13 Februari

Kitinda wangu,

Barua yako nimeisomea kazini, kwenye kiti changu cha dirishani, na kweli nilicheka, ulisikia vizuri.

Kuhusu njaa ya macho sikubishii. Dirisha langu ni lile lisiloingiwa na jua moja kwa moja, maana jua ni mwongo kuliko taa. Kabla sijalinganisha kitambaa na sampuli ya mteja, nayalaza macho kwenye kitambaa cha kijivu kama dakika mbili hivi. Wenzangu wapya hudhani nasali. Bila hivyo, nikitoka kwenye jora la manjano, kijivu chenyewe kinaanza kujifanya buluu. Mwezi uliopita mteja alirudisha jora kwa sababu humu ndani lilifanana na sampuli yake, na lilipofika nje mlangoni likaikana. Kwa hiyo ukisema rangi haikai kwenye kitu, mimi nalijua hilo kwa jasho langu.

Ila hiyo sura ya kumi na moja. Si uiache? Kumi zinatosha. Tangu utoto hujui kuinuka mezani, lazima upate kijiko kimoja cha mwisho. Waandikie watu habari ya mshumaa na penseli, watafurahi, watakwenda kujaribu na watoto wao. Hayo mengine yaache yapumzike.

Vipande nimekutumia. Nimevitia rangi mwenyewe, mara nne, mpaka nikaridhika.

Goti lifunge kwa kitambaa cha moto, na uache kupanda ngazi mbilimbili kama kijana.

Dada


Jumamosi, 22 Februari

Dada! Dada! Dada!

Nimeandika mara tatu maana moja haikutosha. Mhariri aliviweka vipande vyako mezani, akavipeleka dirishani, akavirudisha, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akasema, "Mwalimu, usingeniambia, nisingejua kipi ni kipi." Nikamwambia, hiyo ndiyo sura yenyewe.

Amekikubali. Kitabu kinakwenda mtamboni mwezi wa Mei, nakala mia tano. Na sikiliza hili: anataka kila nakala ibandikwe vipande viwili ndani ya sura ya kumi na moja, msomaji ajionee. Vipande elfu moja, Dada, ukubwa wa stempu! Utanitilia rangi? Halafu kutakuwa na usomaji kwenye chuo cha sanaa. Watakuja wachoraji, walimu wa fizikia, madaktari wa macho. Nitasimama mbele yao na vipande vyako mkononi, wanijaribu wanavyotaka.

Nikwambie siri. Nilipotoka ofisini kwake nilirudi nyumbani, nikashindwa kupanda, nikaketi kwenye ngazi nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Yule fundi wa kufuli mwenye karakana hapa chini ya chumba changu aliniletea maji ya kunywa bila kuuliza kitu. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyechapa mstari wangu hata mmoja. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimekwisha. Hiki ndicho kitabu changu. Nikifa kesho, nitakuwa nimelisema langu.

Kitinda


Ijumaa, 28 Februari

Kwa Mama Mhariri,

Shikamoo, kama wewe ni mkubwa wangu. Kama sivyo, pokea salamu tu. Mimi ni dada wa mshairi wako wa rangi. Kazi yangu ni kulinganisha rangi katika kiwanda cha vitambaa, huu mwaka wa arobaini. Naomba barua hii uisome peke yako.

Vile vipande viwili ni vya uongo. Kimoja ni kahawia niliyoichovya kidogo kwenye nyekundu, kingine ni kahawia niliyoichovya kidogo kwenye kijani. Nimevisogeza karibu mara nne, mpaka mtu yeyote mwenye macho mazuri ashindwe kuvitenganisha. Kufananisha ndiyo kazi yangu, na sijawahi kuifanya vizuri hivyo wala kuionea aibu hivyo.

Mdogo wangu hatofautishi nyekundu na kijani. Amezaliwa hivyo, na hajui.

Alipokuwa na miaka sita Baba alimtuma bustanini kuchuma nyanya zilizoiva. Alirudi na kikapu kimejaa, nusu mbichi, uso wote furaha kwa kutumwa kama mkubwa. Baba akadhani ni utundu, akamchapa, akamrudisha. Akaja na kikapu cha pili vile vile, akachapwa tena, huku analia "lakini zimeiva, zimeiva". Mama ndiye aliyeelewa. Aliniita jikoni, mimi nina miaka kumi, akaniambia: "Macho ya mdogo wako hayagawanyi kama yetu. Baba yako hataelewa, na shuleni watamcheka. Wewe kaa karibu naye, na usimwambie." Hakuniambia nikae mpaka lini.

Nikakaa. Nilimfundisha kuzibinya nyanya badala ya kuzitazama. Kalamu zake za rangi nilizichanja kwa sindano, mchanjo mmoja nyekundu, miwili kijani, mitatu kahawia, naye akaamini kalamu zote duniani huuzwa zimechanjwa. Akiniuliza rangi ya kitu, namwambia. Alipooa nilimnong'oneza mkewe, na marehemu akaendelea nilipoachia.

Sasa anataka kusimama mbele ya madaktari wa macho. Watamjua kwa dakika moja, na kicheko kitakuwa cha ukumbi mzima. Nakuomba uitoe sura ya kumi na moja. Tafuta sababu yoyote, karatasi, nafasi, ninyi wahariri hamkosi sababu. Usimwambie.

Mlinganisha rangi


Ijumaa, 7 Machi

Kwa Bibi Mlinganisha Rangi,

Marahaba. Nimekuzidi miaka mitatu, niliulizia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira. Ulinisimamisha dirishani kama mjinga. Katika kazi hii nimedanganywa na waandishi, nimedanganywa na wachapaji, lakini kudanganywa na kitambaa ndiyo mara ya kwanza.

Sura ya kumi na moja siwezi kuitoa. Kumi za mwanzo zinaielekea na nne za mwisho zinaiegemea. Ukiitoa ni sawa na kutoa ngazi ukabakiza ghorofa. Na kuichapa siwezi, maana sasa najua.

Wanasema akipenda, chongo huita kengeza. Wewe umepita hapo, umeita jicho zima. Kwa mtoto wa miaka sita sikulaumu hata kidogo. Lakini huyu ana miaka hamsini na minane, na bado unambinyia nyanya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo cha mwandishi ni huo ukumbi unaouogopa.

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Mwambie wewe, kwa maneno yako. Usipomwambia nitamrudishia mswada bila kutoa sababu, na atakaa chumbani kwake akijiuliza kosa lake lilikuwa nini. Nadhani hilo litamuumiza kuliko ukweli.

Naongeza neno moja lisilo la kazi. Ndugu yako nampenda sana, kwa jinsi unavyoweza kumpenda mtu anayekuletea mswada umelowa chai. Mwambie vizuri.

Mhariri


Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara tano. Nne nimezichana.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka hamsini na miwili, na leo imefika mwisho. Nitasema haraka, kisha nitaeleza.

Nyekundu na kijani si rangi moja. Ni mbili, zinatofautiana kama chumvi na sukari, na watu wengi wanazitofautisha bila kuambiwa na mtu. Wewe huzitofautishi. Ni macho, si akili wala si uzembe. Umezaliwa hivyo kama wengine wanavyozaliwa wa mkono wa kushoto. Nilijua tangu siku ile ya nyanya. Mama alijua. Mke wako alijua. Kalamu zako za shule mimi ndiye niliyekuwa nazichanja. Vile vipande havikuwa nyekundu na kijani, nilivitengeneza vifanane ili usiaibike, na kwa kufanya hivyo nimekusukuma kwenye aibu kubwa zaidi. Mhariri anajua. Nilimwambia yeye kabla yako, na hilo nalo ni kosa.

Ndani ya bahasha kuna vipande viwili vingine. Hivi ni vya kweli, kimoja chekundu, kimoja cha kijani, na sikuvitia alama yoyote. Usiniamini mimi, leo sina haki ya kuaminiwa. Mwonyeshe fundi wa kufuli, mwonyeshe yeyote anayepita.

Kwa nini sikusema? Mwanzo Mama alinikataza. Halafu Mama alifariki, nikawa sina wa kumsingizia. Nikasema nitakwambia ukifika miaka ishirini. Kisha nikasema ukioa. Kisha ukawa mshairi, mistari yako ikajaa rangi ambazo nyingine nilikupa mimi, nikaogopa. Na kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, Kitinda. Nilikuwa nafurahi. Ulipokuwa unanigeukia na kuniuliza, nilijiona mtu wa maana kuliko wote pale.

Nitukane, lakini niandikie.

Dada


Jumatatu, 31 Machi

Kitinda,

Wiki mbili sasa. Nimempigia fundi wa kufuli, kasema u mzima, unashuka kununua mkate na unapanda. Kasema humsalimii. Wewe, usimsalimie mtu! Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Mhariri nimemwarifu kwamba nimekwambia. Amesogeza tarehe mpaka Juni, kwa mistari miwili tu, bila hata utani.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba ujaze ukurasa, hata wa matusi.

Dada


Jumatano, 9 Aprili

Dada,

Umeomba matusi. Nimeyatafuta, sina.

Niliteremka na vipande vyako. Fundi wa kufuli alivitupia jicho moja huku anasaga ufunguo, akasema, "Hiki chekundu, hiki kijani, kwani vipi Mwalimu?" Hakuinua hata kichwa. Nikatoka barabarani. Niliuliza watu kumi na mmoja: muuza magazeti, mwanamke mwenye mzigo wa sabuni, askari wa barabarani ambaye alidhani namkejeli. Bibi mmoja mwenye miwani nene kama kitako cha chupa, ambaye alinisogelea mpaka pua ikanigusa bega, alisema "chekundu" kabla sijamaliza swali. Nikarudi ndani.

Habari za watu wa namna hii nimewahi kuzisoma. Niliwaonea huruma. Niliwaandikia hata shairi, beti kumi na mbili, na wewe ukalisifu. Uliwezaje kulisifu kwa uso mkavu?

Lakini si hilo linaloniuma. Unalikumbuka shairi la gauni, nililompa marehemu kabla hajawa mke wangu? Kila mtu alilisifu kwa ile nyekundu. Mimi nilikuuliza gauni lake ni rangi gani, ukaniambia nyekundu ya kaa la moto linalokaribia kuzima. Nikaandika hivyo hivyo. Alilia nalo yule mwanamke. Sasa niambie, nani alimposa? Nani ameandika mashairi yangu? Nikikutoa wewe ndani yake, kinabaki nini? Nina zaidi ya wiki tatu na swali hilo. Kitabu nimeshamwandikia Mhariri kwamba nakiondoa, hicho hakinisumbui tena. Nataka kujua kama kuna kitu chochote duniani nilichokiona mimi.

Nakupenda. Hilo halina mjadala, na ndilo linaloniudhi.

Kitinda


Alhamisi, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Asante kwa ukurasa.

Nianze na gauni. Umesahau nusu ya habari. Mimi nilikwambia "nyekundu", basi, neno moja. Wewe ukasema, "Nyekundu gani? Si ziko nyingi?" Nikatazama tena, nikasema kama ya kaa la moto. Ukaniuliza, "Linalowaka au linalozima?" Ni wewe uliyeuliza hivyo. Mimi mwenye macho nilikuwa sijaliona hilo mpaka uliponiuliza, na nilipotazama mara ya tatu nikaona kweli, linazima.

Kila kitu kilikuwa hivyo. Watoto wenzangu waliona nyekundu wakapita zao. Mimi nilikuwa na wewe umeniganda mkononi: inafanana na nini, ni nzito, ni ya zamani, inaweza kuuma? Nililazimika kutazama kila kitu mara mbili mbili. Siku ya kuombea kazi hapa kiwandani, mkubwa alinipa vipande ishirini vya buluu nivipange kutoka hafifu mpaka kilichokolea. Nilivipanga huku nakusikia wewe unauliza. Unataka kujua nani ameandika mashairi yako. Mimi nataka kujua nani amefanya kazi yangu miaka arobaini.

Sasa nina la pili la kukiri, na hili ni la kiburi. Mwaka juzi ulipokuja kunitembelea, ulisimama mbele ya jora la kaki, la sare za walinzi, ukasema, "Mbona hili limebadilika kuanzia hapa?" Nilicheka, idara nzima ikacheka, maana jora lilikuwa safi. Baada ya mwezi mteja akalirudisha, sare zilipofuliwa nusu zilipauka vingine. Nikapekua karatasi. Katikati ya kazi rangi iliwaishia, wakamalizia kwa mchanganyiko mwingine. Uliuona mpaka ambao mimi, na uzoefu wangu wote, sikuuona. Sikukwambia. Nililimeza.

Juzi nimekwenda kwa daktari wa macho nikamsimulia. Hakushangaa. Anasema wapo wenye macho kama yako ambao kwenye kaki na majani makavu wanaona tofauti zinazotupita sisi wengine.

Nimekuwekea vipande viwili vya kaki, kila kimoja na mchanganyiko wake, na nyuma nimeandika moja na mbili. Vingine kama hivyo ninavyo hapa. Nimevipumzishia macho, nimevipeleka dirishani, nimevitoa nje, nimevirudisha chini ya taa. Naona kitambaa kimoja tu. Niambie wewe unaona nini. Safari hii mimi ndiye ninayeuliza.

Dada


Jumatano, 23 Aprili

Dada,

Umeanza tena. Vipande hivi havifanani hata kwa mtu aliyesinzia. Unataka niamini kwamba wewe, wewe, huoni? Umenidanganya miaka hamsini na miwili kwa mapenzi. Nitajuaje kwamba huu si mwaka wa hamsini na tatu? Usinibembeleze kama mtoto aliyeanguka.

Kitinda


Jumatatu, 5 Mei

Dada yangu,

Hukunijibu, na umefanya vizuri. Hata ungeapa nisingekuamini.

Nilitaka kukuumbua. Niliteremka na vipande vya kaki, nikamwambia fundi wa kufuli, "Nitenganishie." Akavitupia jicho moja. "Nitenganishe nini? Ni kitambaa kimoja umekikata." Nikamwambia atazame vizuri. Akazima mashine, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa ajili ya mtu, akatoka navyo mlangoni, akarudi, akasema kwa upole, "Mwalimu, nenda ukapumzike."

Nikatoka barabarani. Muuza magazeti: kimoja. Bibi wa miwani: kimoja, na akaniuliza kama nina ndugu wa kunitazama. Askari aliponiona alivuka upande wa pili. Niliuliza watu kumi na tisa. Kila mara nilivichanganya nyuma ya mgongo, nikavitoa, na kila mara nilijua namba moja ni ipi kabla sijageuza. Kumi na tisa, Dada, na hakuna hata mmoja aliyeona! Nilitamani kumshika mtu shati nimwambie tazama, tazama vizuri, mbona iko wazi! Halafu nikasimama pale katikati ya watu nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka nilivyokuandikia kwamba nyekundu na kijani ni mambo ya kuambiwa tu.

Mhariri nimempigia. Nimemwambia sura ya kumi na moja inaandikwa upya, na inaanza kwa kukiri kosa. Akaniuliza kama itakuwa tayari Juni, na akanitukana kabla sijajibu. Kwenye usomaji nitasimama mbele ya hao madaktari na vipande vinne. Nitawaonyesha viwili nisivyovitenganisha mimi, halafu viwili wasivyovitenganisha wao.

Lakini nimekwama, ndiyo maana barua hii imechelewa. Umeniuliza naona nini. Siku saba sasa natafuta maneno, vipande viko mezani. Hakuna kilichokolea zaidi wala kilichopauka zaidi. Ni rangi mbili, basi, na lugha yote niliyoifundisha miaka thelathini na minne haina neno hata la mojawapo. Sina tunda la kuliazima jina, sina jani. Nimechana karatasi kumi na tatu. Ndipo nikamkumbuka msichana wa miaka kumi, amechuchumaa karibu na mvulana king'ang'anizi anayeuliza inafanana na nini, naye anatafuta neno, na hampi la kubahatisha. Ulikuwa unaifanyaje kazi hii? Kila siku? Nimekulaumu kwa ulichonificha, na hili sijawahi kukushukuru. Nakushukuru, Dada. Nakushukuru sana.

Basi najaribu. Chukua vipande vyako, kaa dirishani, pumzisha macho kwanza.

Namba moja ni kama sauti yako unaponiita kutoka mlangoni, ukijua nimo ndani. Namba mbili ni sauti hiyo hiyo, mlangoni hapo hapo, siku ambayo nimetoka na wewe bado hujajua.

Umeona?

Mdogo wako,
Kitinda